Jiwe Lilisogea, Lakini Tulibaki

Nilianza kujifunza Kiingereza upya nikiwa tayari mama wa watoto wawili, kwa sababu meneja wa hoteli ninayofanyia kazi alitaka iwe hivyo. Ni hoteli ndogo, ipo kando ya ziwa, na mimi nilikuwa mtandika vitanda. Siku moja alitutangazia kwamba kila anayemaliza zamu ataandika kwa Kiingereza yaliyotokea, ili anayeingia asome na kuelewa. Wenzangu waliguna. Na mimi niliguna, kisha nikaenda kujiandikisha kwenye darasa la watu wazima.

Darasa lilikuwa kwenye chumba nyuma ya kanisa, pale Kirumba, karibu sana na uwanja wa mpira. Siku za mechi mwalimu alikuwa anasubiri kelele za goli zipungue ndipo amalizie sentensi yake. Alikuwa mstaafu, mzee mrefu, amefundisha sekondari maisha yake yote. Alivaa koti hata kwenye joto la saa nane mchana. Hakuwa mtu wa mzaha, lakini hakumcheka mtu, na kwa sisi tuliokuwa tunaogopa kufungua mdomo, hilo lilitosha.

Siku ninayoikumbuka zaidi aliandika ubaoni neno moja tu: and.

"Jambo la kwanza limeshatokea," alisema. "Jambo la pili nalo limeshatokea. Yote yamepita. Kazi yenu ni kuyafunga pamoja. Kila mmoja anipe sentensi moja ya mambo ya nyumbani kwake wiki hii."

Kijana wa bodaboda aliyekaa mbele yangu alisema, "I bought petrol and I go home."

"Went," mwalimu alimsahihisha. "Umenunua mafuta jana, nyumbani unakwenda leo? Ulilala wapi?"

Tulicheka. Zamu yangu ikafika. Nilisimama, maana sisi tulifundishwa kusimama, nikasema, "The lain fell and the stone move."

"Rain," alisema taratibu. Sisi Wasukuma herufi hizo mbili, l na r, zinatusumbua, na yeye alikuwa ameshatuzoea. "Na move ni ya sasa. Unataka kusema linaweza kusogea? Hiyo inasemwa kwa namna nyingine, tutaifikia."

"Hapana, mwalimu. Lilisogea."

"Basi, moved. Ongeza -ed."

Nilirudia sentensi yote ilivyotakiwa. Alinigeuzia mgongo aiandike ubaoni. Akaandika nusu, kisha chaki ikasimama.

"Jiwe gani hilo?" aliuliza, bila kugeuka.

Nyumba yetu ilikuwa juu mlimani. Anayeijua Mwanza anajua nasema nini: nyumba zimepanda hadi kwenye mawe, na mawe yamekaa juu ya nyumba, mengine makubwa kama ghorofa. Mtu anazaliwa anayakuta, anaanika nguo juu yake, watoto wanateleza hapo. La kwetu lilikuwa nyuma ya nyumba, limeegemea mwamba mwingine, na chini yake palikuwa na upenyo ambao mtoto mdogo angeweza kuingia akiinama. Mama mkwe wangu alikuwa na kuku mweupe aliyependa kutagia humo. Tukitaka mayai tulilala kifudifudi, tukanyoosha mkono.

Wiki ile mvua ilikuwa imenyesha mfululizo. Asubuhi moja tulisikia kuku analia, sauti ya ajabu, kama ya mtu aliyezibwa mdomo. Nilikwenda nyuma ya nyumba. Upenyo ulikuwa umebana. Niliona jicho la kuku na upande mmoja wa kichwa chake, na niliweza kuingiza vidole, lakini kiganja hakikupita. Tulijaribu na jembe, tukajaribu na nondo. Hadi saa sita mchana alikuwa amenyamaza.

"Kuku alikuwa amenenepa," alisema mama mkwe.

"Mama, jana aliingia na kutoka."

"Nimekwambia alinenepa."

Akachukua beseni lake la dagaa, akapanda juu ya jiwe lile lile kuwaanika, maana jua lilikuwa limetoka.

Nilimweleza mwalimu habari hiyo kwa Kiswahili, darasa zima likisikiliza. Wapo waliocheka kuhusu kuku. Mwalimu alimalizia kuandika sentensi yangu ubaoni, akaweka nukta, kisha akaendelea na mwingine.

Mume wangu alikuwa anafanya kazi mgodini, upande wa Geita, na alikuwa akirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Nilimpigia simu jioni ile, nikamtumia na picha ya upenyo. Alisema picha haionyeshi kitu. Kweli haikuonyesha, maana hakuwa na picha ya zamani ya kulinganishia. Nani anapiga picha chini ya jiwe?

"Subiri nije," alisema. "Usimsumbue mama."

Mama hakuwa mtu wa kusumbuliwa. Nyumba ile aliijenga yeye na marehemu mumewe kwa kokoto walizoponda kwa mikono yao, na kidole chake kimoja kilikuwa hakina kucha tangu wakati huo. Alinipokea vizuri nilipoolewa. Hakuwahi kuninyima chakula wala kunisema vibaya kwa majirani. Ila kila nilipotaja jiwe, alinitazama kama mtu aliyesikia matusi kanisani.

"Mkamwana," aliniambia, "mawe hayana miguu."

Darasani tuliingia but, or na so. Mwalimu alitueleza jambo ambalo sijawahi kulisahau. Alisema Kiswahili kinatupa -ka-, na -ka- ina huruma sana: mvua ikanyesha, jiwe likasogea, tukala, tukalala. Matukio yanafuatana tu kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji, na hakuna anayekuuliza hili linahusianaje na lile. "Kwenye Kiingereza," alisema, "lazima uamue. Ukisema but, umekiri kwamba ulichofanya hakikutarajiwa. Ukisema so, umekiri kwamba kilikuwa na sababu. Na ukishaamua, huwezi kujificha."

Akaandika ubaoni mambo mawili. Moja lilikuwa langu: The stone moved. La pili aliliongeza mwenyewe: We stayed. Akaniita mbele, akanipa chaki.

"Yaunganishe."

Niliandika and. Niliona haitoshi, nikafuta. Niliandika so, na nyuma yangu mtu akacheka, kwa sababu ilisomeka kwamba jiwe lilisogea, na ndiyo maana tukabaki, kama vile tulilipenda. Nilifuta tena. Mkono wangu ulikuwa na vumbi jeupe hadi kwenye kifundo. Nikaandika but. Mwalimu alichukua chaki akaongeza alama ya mkato kabla yake.

"Hapo mtu anavuta pumzi," alisema.

The stone moved, but we stayed. Jiwe lilisogea, lakini tulibaki. Nilirudi kukaa. Nilikuwa nimeliona jambo hilo kila siku nyumbani, ila sikuwa nimewahi kulisoma likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa mbele ya watu.

Baada ya darasa mwalimu aliuliza kama angeweza kuja kuliona. Tulipanda pamoja polepole, yeye akisimama kila baada ya muda kushika kiuno. Chini kidogo ya kwetu tulipita kwa jirani yetu, dada mmoja fundi cherehani aliyekuwa amepanga vyumba viwili. Alikuwa barazani anashona sare za shule. Cherehani yake ilisikika kwetu kutwa nzima, hata mimi niliitumia kama saa: ikinyamaza, najua amekwenda kupika.

"Shikamoo baba," alimwamkia mwalimu.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Umekuja kuona jiwe lao?" Alinitazama akatabasamu. "Mwenzangu hata kulala halali. Mimi namwambia jiwe lenu likianguka litaishia kwenye ukuta wenu. Haliwezi kunifikia."

Mama mkwe alimkaribisha mwalimu kwa heshima zote, akamtolea kiti na chai. Waliongea habari za mvua, za bei ya dagaa pale soko la Mwaloni, za mtu fulani wa Magu ambaye wote walimfahamu. Kisha mwalimu akaomba aonyeshwe nyuma ya nyumba. Alizunguka taratibu. Hakugusa jiwe. Aliweka kiganja kwenye ukuta wetu wa nyuma, mahali palipokuwa na ufa mpya kutoka dirishani hadi chini, akakaa hivyo kama daktari anayesikiliza kifua.

"Mama," alisema, "mimi si fundi wa mawe. Lakini kama ningekuwa na wajukuu humu, wasingelala leo."

"Asante kwa kutujali, mwalimu," mama mkwe alijibu. "Chai inapoa."

Mwalimu akanywa chai yake yote, akaaga. Nilimsindikiza hadi njiani. Hakusema neno mpaka tulipoachana, na hata hapo alisema tu, "Kesho kutwa tuna mazoezi ya so. Usikose."

Nadhani ni kimya chake kilichoniamulia. Wiki ile mvua ilirudi, na nikiwa jikoni mchana nilisikia sauti ukutani, ndogo, kama mtu anayesaga meno usingizini. Ikakoma. Nikasubiri, nimeshika mwiko. Ikaanza tena. Nilizima moto, nikafunga nguo za watoto kwenye shuka.

Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Buswelu, mama. Kwa dada yangu. Huko ni tambarare. Twende wote."

"Mwanangu anajua?"

"Nitamwambia tukishafika."

"Kwa hiyo unamhamisha mke wa mwanangu na watoto wa mwanangu, na mwenyewe hajui."

"Mama, sikiliza ukuta."

Tulisimama wote wawili. Ukuta ulikuwa kimya. Kutoka chini ilisikika cherehani tu, tr-r-r-r, halafu kimya, halafu tr-r-r-r. Niliona aibu, kama mtoto aliyemwita mtu mzima aje kuona nyoka na nyoka hayupo.

"Nenda," alisema mwishowe. Hakuwa na hasira. "Wewe una watoto. Mimi watoto wangu nilishawalea humu humu."

Nilipopita kwa fundi cherehani nilisimama. Nilimwambia tunaondoka, nikamwambia na yeye atafute pa kukaa mpaka mvua zipite. Aliuma uzi kwa meno, akautema.

"Sare hizi shule inazitaka," alisema. "Nikishazipeleka, nitaangalia."

Tangu siku ile, kila nikitoka kazini nilipanda mlimani na chakula kabla ya kwenda Buswelu. Mama mkwe alikipokea, akanishukuru, akaniuliza habari za watoto. Kila siku nilimwomba, na kila siku alibadilisha mazungumzo. Mume wangu alinifokea kwenye simu siku ya kwanza. Siku ya pili alinyamaza. Siku ya tatu aliuliza kwa sauti ya chini, "Mama anasemaje?" nikajua na yeye ameanza kuogopa. Akaomba ruhusa kazini aje mapema.

Hakuwahi.

Tulikuwa darasani, mchana. Mvua ilianza ghafla, ile mvua nzito inayotoka ziwani ikiwa imesimama wima kama ukuta wa kijivu, na juu ya bati ikapiga kelele kiasi kwamba mwalimu alionekana anafungua na kufunga mdomo tu. Mwishowe aliweka chaki chini, akakaa. Tukakaa wote, tukisubiri, ubaoni kukiwa na sentensi isiyo na nusu ya pili: It rained all day, so

Ndipo ikaja sauti. Radi inatoka juu. Hii ilitoka ardhini na kuingia miguuni. Glasi ya maji iliyokuwa juu ya meza ya mwalimu ilitetemeka. Ikafuata sauti ya pili, ya kitu kinachovunjika kwa muda mrefu, halafu mvua tu.

Kijana wa bodaboda alinitazama. Sikumbuki kutoka nje. Nakumbuka niko nyuma yake kwenye pikipiki, matope yananirukia, na pale pikipiki iliposhindwa kupanda nikashuka nikakimbia kwa miguu, kiatu kimoja kimebaki kwenye tope.

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa jiwe letu. Lilikuwa pale pale. Limelowa, jeusi, limeegemea mwamba wake kama kawaida, na nyumba yetu imesimama mbele yake. Nilisema kwa sauti, "Asante Mungu." Halafu nikaona watu hawakimbilii kwetu.

Lilikuwa jiwe jingine. Lilikaa juu zaidi, nyuma ya letu, na kutoka uani kwetu halikuonekana, kwa hiyo hakuna aliyewahi kulitazama. Maji yalikuwa yamekula udongo chini yake. Lilipita pembeni mwa nyumba yetu, likachukua jiko na choo, likaenda kusimama mahali palipokuwa na vyumba viwili vya fundi cherehani. Halikuwa hata kubwa sana. Lilikuwa limekaa katikati ya mabati na vipande vya matofali, na vitambaa vya bluu vya sare vilikuwa vimetapakaa kwenye tope.

Mama mkwe nilimkuta ameketi kwenye njia, kwenye mvua, beseni la dagaa mapajani. Alikuwa amekwenda kuwaanua. Hakuwa na jeraha. Nilipiga magoti, nikamshika mikono.

"Mama. Mama, ni mimi."

"Nilikuwa naisikia cherehani," alisema. "Nilikuwa naisikia. Halafu sikuisikia."

Watu walifukua mpaka giza likaingia. Fundi cherehani alizikwa kwao, Sengerema, na sisi tulivuka na jeneza kwenye kivuko, mimi na mume wangu na mama, tumekaa kwenye benchi moja. Njia nzima mama alikuwa anatazama maji.

Niliporudi kazini meneja alinipa pole, kisha akaniomba maelezo ya maandishi kwa nini sikuwepo, kwa Kiingereza, kama kawaida. Hakuwa mtu mbaya. Nilikaa kwenye chumba cha mashuka, nikaandika: A stone fell and our neighbour died. Nilitazama ile and. Nilifikiria so, nikaona ni uongo, maana hakufa kwa sababu ya jiwe peke yake. Alikufa kwa sababu ya sare, ya mvua, ya sisi sote kutazama jiwe moja. Nilifikiria kuandika kwamba tulimwambia, but hakuondoka, nikaona nitakuwa nimemtupia marehemu. Nikaiacha and. Ilikuwa neno pekee lisilomlaumu mtu. Meneja alisoma, akatia saini, akasema Kiingereza changu kimekuwa kizuri.

Sasa tunaishi Buswelu. Nimehamishiwa mapokezi. Mama mkwe ana chumba chake, ana kuku wengine, na anasema ardhi ya tambarare inamchosha macho. Siku za jua anatoroka. Hatuoni anavyoondoka, tunakuta tu kitanda kimetandikwa na beseni halipo, na tunajua yuko wapi.

Juzi nilimfuata. Nilimkuta juu ya lile jiwe letu, anageuza dagaa kwa ufagio, taratibu, karibu mmoja mmoja. Nyumba yetu tumeifunga kwa kufuli, lakini nyumba ya pembeni, ambayo mmiliki wake anaishi mjini na kuipangisha, ilikuwa na pazia jipya dirishani. Mwanamke kijana alitoka, amembeba mtoto mgongoni, akaniamkia vizuri. Alisema wamehamia wiki iliyopita kutoka Kiseke. Vyumba ni vikubwa, maji yanatoka, na upepo wa ziwa unaingia hadi ndani.

"Wamewaambia yaliyotokea hapa?" nilimuuliza.

"Wametuambia." Alimrusha mtoto kidogo mgongoni, akamkaza kwa kanga. "Lakini lililoanguka si limeshaanguka?"

Nilimweleza yote hata hivyo, nimesimama pale juani, habari za upenyo, za ufa, za jiwe lililojificha nyuma ya jiwe. Alinisikiliza kwa adabu. Nilimwona anavyonisikiliza, nikajua mimi mwenyewe nilivyosikilizwa.

Nilipomaliza alisema ameelewa, atamwambia mumewe. Kisha akaniuliza, kwa kuwa mimi ni mwenyeji, kama namfahamu fundi mzuri wa milango. Mlango wa nyuma wakati wanahamia ulikuwa unafungika vizuri, alisema, ila tangu jana umegoma, kama vile fremu imekuwa ndogo.